Miaka 18 si mwisho wa kulelewa



Leo nataka tuzungumze juu ya vijana waliofika hapa Nakivale bila baba wala mama. Wengi wao walivuka mpaka kutoka Kivu wakiwa wadogo, wakapokelewa na familia za walezi. Walezi hao ni wakimbizi kama wewe na mimi, wenye watoto wao na sufuria moja. Wanastahili shukrani zetu.

Lakini mtoto huyo akitimiza miaka 18, anakwenda wapi? Kwa sheria ya Uganda amekuwa mtu mzima. Mfanyakazi wa ulinzi wa watoto aliyekuwa akimtembelea anageukia wadogo zaidi. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula Uganda umekuwa ukitolewa kwa makundi, kufuatana na uhitaji, na kijana mwenye mikono miwili mizima huonekana hana shida. Nyumbani nako sahani zinaanza kuhesabiwa. Mwishowe anabeba godoro lake na kuondoka.

Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunaopita nyumba kwa nyumba tunaona yanayofuata. Kibanda cha turubai pembeni mwa kijiji, hakuna choo, hakuna chandarua. Akishikwa na malaria hana wa kumpeleka kituo cha afya, anameza vidonge viwili vya dukani na kulala. Akiwa msichana, mume anapatikana haraka, kwa sababu mume ana nyumba. Tukimkuta ana mimba tunasema hana adabu. Je, tumewahi kumuuliza alikuwa analala wapi?

Wapo wanaosema: wajengewe nyumba, basi. Nyumba ni lazima, nakubali. Lakini nyumba bila mtu wa karibu haitoshi.

Tuangalie wenzetu. Mwaka 1992 maelfu ya wavulana wa Sudan waliotengana na wazazi wao walifika Kakuma, Kenya. Kuanzia mwaka 2000 Marekani iliwapokea zaidi ya 3,000. Waliohesabiwa kuwa chini ya miaka 18 waliwekwa kwenye familia za walezi na kupelekwa shule. Waliohesabiwa kuwa wamevuka umri huo waliwekwa kadhaa pamoja katika nyumba za kupanga, wakapewa msaada wa miezi michache tu, kisha kila mmoja ajitafutie kodi na chakula. Walikuwa wametembea njia moja na kula uji mmoja. Kilichowatenganisha ni tarehe ya kuzaliwa, na wengi waliandikiwa tu tarehe 1 Januari kwa kukadiria. Hapa kwetu pia, ni wangapi kadi zao zinasema 1 Januari? Haifai tarehe ya kukisia iamue nani bado anahitaji mkubwa wa kumwangalia.

Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi. Inasema kijana aandaliwe mapema kabla ya kutoka kwenye malezi, na ikiwezekana apewe mtu maalumu wa kumsaidia kujitegemea. Jambo hilo si geni kwetu. Huko nyumbani, kijana wa kiume akikua alijenga kijumba chake katika kiwanja cha baba. Alikuwa na mlango wake na ufunguo wake, lakini asubuhi asipoonekana, mama alikwenda kugonga. Alijifunza kujitegemea huku wakubwa wakimwona.

Basi mapendekezo yangu ni haya.

Kwanza, mashirika yanapowajengea vijana hawa, yajenge karibu na familia ya mlezi au jirani mwaminifu, si pembeni peke yao. Wasichana wawili au watatu wakae pamoja, penye mlango unaofungwa kwa ndani na choo cha karibu.

Pili, maandalizi yaanze akiwa na miaka 16: kupika, kutunza pesa, kulima, kujifunza kazi ya mikono, kwenda kituo cha afya mwenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Ruhusa hiyo imsaidie aliyejiandaa.

Tatu, ziara zisikatwe siku ya miaka 18. Ziendelee, hata mara moja kwa mwezi, mpaka kijana asimame.

Utaniambia pesa za misaada zimepungua. Ni kweli, na ndiyo maana nakuandikia wewe pia, siyo mashirika peke yake. Una nafasi uani ya chumba kimoja? Unajua kufyatua matofali? Kijana wa jirani ambaye hujamwona siku mbili, mgongee mlango. Akiumwa, msindikize kituoni au utuite. Mlezi, usimwoze binti kwa ajili ya kupunguza sahani. Njoo kwanza tuongee na kiongozi wa kijiji.

Kumgongea mlango kijana hakugharimu shilingi hata moja, na malaria iliyowahiwa inatibika. Katika mtaa wako, nani amevuka miaka 18 mwaka huu na analala peke yake? Mtembelee wiki hii.