Kuchelewesha Fomu Si Kuiba Hazina

Zipo hoja mbili zinazozushwa kila kampuni inapofikishwa mbele ya sheria, na zote mbili ni za hatari. Ya kwanza ni ya wenye dola: kwamba kila aliyevunja Sheria ya Makampuni ni mhujumu wa uchumi. Ya pili ni ya wezi: kwamba kosa lao ni la karatasi tu. Sisi tunazikataa zote mbili, na twaamini kwamba kila mpenda mageuzi hana budi kuujua mpaka uliopo baina yake.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inaitaka kampuni kupeleka taarifa yake ya kila mwaka kwa Msajili, kutunza daftari la wanachama na kuarifu mabadiliko ya wakurugenzi. Asiyefanya hivyo hutozwa faini, na hilo ni haki. Lakini faini ya uzembe si hukumu ya wizi. Mchuuzi aliyesahau kupeleka mizani yake ikaguliwe amekosa. Aliyelichonga jiwe la kupimia ili ampunje mnunuzi ametenda jambo jingine kabisa.

Kwa bahati mbaya, Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003 haikuuchora mpaka huo vyema. Inapotaja makosa yaliyomo katika sheria nyingine za kulinda mapato ya umma, inataka pawe na udanganyifu. Lakini kifungu cha 45, jinsi kilivyotungwa, kilimtia hatiani asiyelipa kodi au ada ya taasisi ya umma, ama kwa hila, ama kwa namna nyingine yoyote isiyo halali. Maneno hayo ya mwisho ni mlango ulioachwa wazi. Hata ada ya Msajili isiyolipwa yaweza kupenyezwa humo, na adhabu yake ikafika kifungo cha miaka 10.

Ni nani atakayeswagwa kupitia mlango huo? Historia yetu yajibu. Mwaka 1995 shirika la CLARION lilifutiwa usajili baada ya kuchapisha utafiti kuhusu ufisadi. Hapo tulijifunza kwamba daftari la usajili laweza kugeuzwa rungu. Vikundi kadhaa vya haki na vya kanisa vimesajiliwa kama kampuni zisizo na hisa. Fomu moja iliyochelewa isiwe kitanzi shingoni mwao.

Hata hivyo, tusiwape wezi kichaka cha kujifichia. Katika kashfa ya Goldenberg ya miaka ya mwanzo ya 1990, mabilioni ya shilingi yalitoka Hazina kwa nguvu ya hati za mauzo ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwapo. Katika kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuka mwaka 2004, serikali ilitia sahihi mikataba na makampuni yaliyobainika kuwa majina matupu. Hizo nazo zilikuwa karatasi! Anayemficha mmiliki halisi wa kampuni ili apate zabuni ya umma hakukosea kujaza fomu. Fomu hiyo ndiyo ufunguo aliouchonga kufungulia ghala la wananchi.

Basi kipimo chetu kiwe maswali matatu. Je, palikuwa na nia ya kudanganya? Je, mali ya umma ilipotea au iliwekwa hatarini? Je, yupo aliyefaidika isivyo haki? Pasipo nia wala hasara kwa umma, Msajili na atoze faini yake, mambo yaishe. Panapo nia, na mali ya umma imeguswa, huo ni uhalifu wa kiuchumi hata kama karatasi yenyewe ni nusu ukurasa.

Tuwadai wabunge wetu wakifunge kifungu cha 45 kwa neno moja tu: udanganyifu. Tuwadai waendesha mashtaka waeleze katika kila hati ya mashtaka ni mali gani ya umma iliyoguswa, na kwa hila gani. Nasi katika vikundi na parokia zetu, tupeleke taarifa kwa wakati na tuziweke hesabu wazi mbele ya wanachama. Wavu wa sheria usiofumwa kwa uangalifu huwanasa dagaa na kuwapisha papa. Na kwa muda mrefu mno, dagaa tumekuwa sisi.