Majibu kwa Wanaosema Programu Yoyote Yatosha Kukloni Diski

Duka la vifaa vya ujenzi mjini Tarime, ofisi ya wakala wa forodha pale Sirari, chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, loji ya Mugumu inayopokea wageni wa hifadhi: nyingi kati ya biashara hizi zimeweka kumbukumbu zote kwenye diski moja, ndani ya kompyuta moja. Diski ikichoka, au mwenye mali akitaka kuhamia SSD ili mashine iwe nyepesi, huitwa fundi aikloni, yaani ahamishe Windows, programu na mafaili yote kama yalivyo kwenda diski nyingine. Maneno mengi yanayosemwa siku hiyo kuhusu programu ya kufanyia kazi si kweli, na anayelipia ni mwenye duka. Nayajibu.

“Chukua yoyote, hata ya kreki, zote kazi yake moja.” Hili linaniudhi kuliko mengine yote. Programu ya kukloni inapewa ruhusa ya kusoma kila kipande cha diski yako na kuandika juu ya diski nyingine nzima. Vitabu vya mauzo, nakala za pasipoti za wageni, namba za siri zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, vyote vinapita mikononi mwake. Sasa mtu asiyejulikana amevunja kufuli la programu hiyo, ameipandisha mtandaoni bure, na maelekezo yake ya kwanza ni kwamba uzime antivirusi. Kwa nini umwamini?

Tena hakuna shida inayolazimisha wizi huo. Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan, haiuzwi, na leseni yake inamruhusu mwenye kampuni sawasawa na mwanafunzi. Inawekwa kwenye flashi, kompyuta inawashwa kwa flashi hiyo, na kazi inaendelea bila intaneti. Anayesumbuliwa na menyu zake za maandishi atumie Rescuezilla, ambayo ni ya kubofya kwa mausi na inafungua hata nakala zilizotengenezwa na Clonezilla.

“Basi ya bure ni ya bure, yameisha.” Hayajaisha. Zipo programu za bure ambazo masharti yake yanaishia kwenye matumizi ya nyumbani, na mwenye loji hana nyumba ya kujifichia. Zipo za bure zilizokwisha muda: Macrium Reflect Free, ambayo mafundi wengi waliizoea, iliachwa na watengenezaji wake, na tangu 1 Januari 2024 haipati tena marekebisho ya usalama. Zipo za bure za watengenezaji wa diski, nazo ni nzuri, ila ile ya Samsung inakubali kuhamishia kwenye diski ya Samsung tu. Ukinunua SSD ya jina jingine, utaipakua programu hiyo kwa bando lako na haitakufaa.

Wapenzi wa Clonezilla nao wasipitilize. Kazi ninayoiona ikiombwa sana ni kutoka diski ya GB 500 kwenda SSD ya GB 240, kwa sababu ya bei. Clonezilla kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Fundi asiyejua kuipunguza kwanza partisheni ya zamani atakwama, na hapo ni halali kabisa kulipia programu inayofanya upunguzaji huo yenyewe. Leseni halali ya biashara ni nafuu kuliko siku kadhaa za duka kufungwa.

“Kukloni ni kukloni, muda ni uleule.” Kwa mtu wa Nyamongo au Mugumu, ambako umeme unaweza kukatika mchana wa kazi, tofauti hii ni kubwa. USB 2.0 hupitisha takribani MB 35 kwa sekunde. Programu inayonakili kila kipande, hata palipo tupu, itaihangaikia diski ya GB 500 kwa muda wa karibu saa nne. Inayonakili palipotumika tu, kama zimejaa GB 80, itamaliza kwa dakika 40 hivi. Tumia tundu la USB 3.0 kama lipo, na fanyia kazi kwenye laptopu yenye betri nzima au kompyuta iliyo kwenye UPS.

“Diski imeanza kulia, ikloni upesi kabla haijafa.” Haraka ni sawa, lakini programu ya kawaida siyo. Ikigonga sehemu mbovu, itasimama au itarudia kusoma palepale hadi diski izimike moja kwa moja. Fungua kwanza CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Rangi ya bluu ni heri. Ya njano, hasa ikiwa mstari wa “Current Pending Sector Count” umepanda juu ya sifuri, ni onyo. Hapo chombo ni GNU ddrescue: inachukua kwanza palipo pazima, inaandika kwenye faili palipoishinda, kisha inarudi huko mwishoni. Umeme ukikatika inaendelea ilipoachia. Fundi asiyeijua asiiguse diski hiyo.

“Nimeshakloni, kwa hiyo nina bakapu.” Hapana, mwenye mali. Kloni ni hali ya diski kama ilivyokuwa siku ile. Mauzo ya wiki iliyofuata hayamo. Na ukiiacha diski ya pili imechomekwa kwenye mashine ileile, virusi wanaofunga mafaili kwa kudai fedha watazifunga zote mbili. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka mitano; kloni moja ya mwaka juzi haitakujibia mbele ya TRA. Kwa hiyo biashara ichague programu inayoweza pia kuweka nakala za mara kwa mara, zile zinazoongeza mabadiliko tu, au iwe na ya pili kwa kazi hiyo. Clonezilla haifanyi hivyo. Nakala moja ikae nje ya jengo.

“Weka yote kwenye wingu.” Mafaili ya hesabu, ndiyo, weka. Diski nzima, piga hesabu: GB 80 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa 35 mfululizo, na bando lake.

“Kloni moja, mashine kumi.” Kwa shule au duka la intaneti, tahadhari. Windows ikinakiliwa bila kupitishwa kwanza kwenye Sysprep, zana ya kuiandaa kwa kunakiliwa, mashine zote zinabeba kitambulisho kimoja cha ndani. Zamani ilipita kimyakimya. Kwenye Windows 11 toleo la 24H2, masasisho yaliyotoka tangu 29 Agosti 2025 yanaweza kuzifanya mashine hizo zikataliane zikijaribu kufunguliana mafaili.

“Diski ile ya zamani niachie, ndiyo malipo yangu.” Usimwachie fundi. Bado ina kila kitu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, inakubebesha wewe wajibu wa kulinda taarifa za wateja. Ifungie kabatini hadi uridhike na mpya, kisha iandikwe upya yote kabla haijatoka mlangoni.

Na kabla ya kumlipa fundi, mwambie azime kompyuta, aitoe kabisa diski ya zamani, awashe kwa ile mpya, na afungue mbele yako ankara ya mwisho uliyoandika. Ikifunguka, mlipe. Isipofunguka, programu hiyo haikufai, hata kama wote mtaani wanaisifu.