Arusi ya Jangwani Ina Wenyewe

Katika lugha yetu neno kutoroshana halina sifa njema. Ikisemwa kwamba binti wa fulani katoroshwa, majirani hushusha sauti, mama hujifungia ndani, na wazee hukaa kitako kutafuta njia ya kuiokoa heshima ya nyumba mbili. Kwa hiyo msomaji wetu huenda akastaajabu kusikia kwamba nchini Marekani neno la maana hiyo hiyo siku hizi hutajwa kwa furaha. Vijana wawili hukaa wakashauriana kwa miezi mingi, wakachagua siku, wakaomba kibali, wakashona nguo, kisha wakaenda wawili peke yao, au pamoja na watu wachache mno, kufunga ndoa chini ya majabali katikati ya jangwa. Hilo ndilo waliitalo kutoroka.

Twapenda kulizungumza jambo hili leo kwa sababu mbili. Kwanza, wako watoto wa Afrika Mashariki waishio kule, nao huziona picha za arusi hizo wakazitamani. Pili, jambo lenyewe lagusa swali ambalo hata sisi tulio nyumbani hatujalijibu sawasawa, nalo ni hili: arusi ni ya nani?

Hatuna budi kusema kweli kwanza. Yule anayezikimbia arusi kubwa hatumlaumu. Twazijua kamati zetu, vikao vyake visivyokwisha, kadi za michango zinazomfuata mtu hadi kazini, na ukumbi unaokodiwa kwa fedha ambazo zingeweza kuezeka nyumba. Wako waliooa mwezi wa Juni, na mwezi wa Desemba wangali wakilipa madeni ya usiku mmoja. Kijana anayesema kwamba ataoa kwa kadiri ya mfuko wake asema neno la busara, naye astahili kuungwa mkono na kila mtu mwenye akili timamu.

Lakini kuwapunguza wageni ni jambo moja, na kudhani kwamba arusi haina mwenyewe isipokuwa bwana na bibi arusi ni jambo jingine. Sisi twaamini kwamba kila arusi, hata ile ya watu wawili jangwani, ina wenyewe watatu wasiokwepeka: sheria, ardhi na wazazi. Anayepanga safari hiyo bila ya kuwakumbuka hao watatu amepanga mavazi tu.

Tuchukue mfano mmoja tunaoujua. Kusini mwa jimbo la California, yapata kilomita 200 mashariki ya Los Angeles, iko Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 3,000, na ndani yake majangwa mawili, la Mojave na la Colorado, hukutana. Huko kuna majabali makubwa yaliyorundikana kana kwamba yalipangwa kwa mikono, na mti wa ajabu wa jamii ya yuka, wenye matawi yaliyopinda kama mtu aliyeinua mikono kuomba dua. Wapanda majabali na waendao matembezi ya miguu hufika huko kutoka pande zote za dunia, na maarusi nao wamewafuata.

Mwenyewe wa kwanza, tumesema, ni sheria. Katika California hati ya kuruhusu ndoa hutolewa na karani wa kaunti. Wenye kuoana si lazima wawe wakazi wa jimbo hilo, wala hawangojeshwi. Waweza kuichukua hati asubuhi na kuoana jioni ile ile, nayo hudumu siku 90. Hata hivyo lazima wawe na mtu mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa. Kwa hati ya kawaida lazima awepo shahidi mmoja kwa uchache, na baada ya sherehe hati hiyo irudishwe kwa maofisa wa kaunti kabla ya siku 10 kupita. Wale watakaobeba pete na maua wakaisahau hati mezani watarudi na picha nzuri tu.

Twaomba msomaji alinganishe na kwetu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataka wenye kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na ndoa ishuhudiwe na watu wasiopungua wawili. Wako wanaoziona siku hizo kuwa usumbufu. Sisi twaona zina hekima yake, kwani ni nafasi ya mwenye pingamizi kusema, na nafasi ya wenyewe kufikiri mara ya pili. Mahali ambapo sheria haimngojeshi mtu, ni juu yake kujingojesha. Tena Mwislamu akumbuke kwamba karani wa kaunti si badala ya walii, na Mkatoliki akumbuke kwamba Kanisa lake lina taratibu na mashahidi wake. Yafaa mambo hayo yaulizwe kabla ya kukata tiketi, maana ndoa iliyokubaliwa na serikali na kukataliwa na dini ya mwenyewe huzaa maneno yasiyokwisha.

Mwenyewe wa pili ni ardhi, na hapa ndipo tunapoona upungufu mkubwa wa fikira. Watu wengi hudhani jangwa ni mahali patupu, pasipo na kitu cha kuharibika. Hilo ni kosa. Katika miaka ya 1920 na 1930 bibi mmoja wa mji wa Pasadena, Minerva Hoyt, aliona jinsi mimea ya jangwani ilivyokuwa ikig'olewa na kupelekwa mjini kupamba bustani za watu. Alifanya kazi kwa miaka mingi kuwashawishi wakubwa, hata mwaka 1936 Rais Franklin Roosevelt akatangaza kwamba eneo hilo lilindwe. Na mwaka 1994 likafanywa hifadhi ya taifa. Basi hifadhi hiyo ilizaliwa kwa sababu ya watu waliolipenda jangwa kama pambo. Ingekuwa aibu kubwa iharibiwe tena na watu wa namna hiyo hiyo, ati kwa jina la mapenzi.

Mti ule wa Joshua hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Kijana akilivunja tawi ili bibi arusi asimame vizuri mbele ya kamera, amevunja kazi ya miaka mingi kwa dakika moja. Udongo wenyewe nao una uhai. Juu yake mna gamba jembamba la vijiumbe na mimea midogo mno, linalouzuia mchanga usipeperuke, na unyayo mmoja walibomoa kwa miaka. Tena tusisahau yaliyotokea kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, ofisi nyingi za serikali ya Marekani zilipofungwa kwa siku 35 na walinzi wakapungua. Baadhi ya miti ile ilikatwa, na magari yakajichongea njia mahali pasipo njia. Hatusemi kwamba waliofanya hayo walikuwa maarusi. Twasema kwamba jangwa halina mlinzi wa kutosha isipokuwa dhamiri ya yule anayelikanyaga.

Kwa sababu hiyo hifadhi hutaka anayefunga ndoa humo aombe kibali mapema na kulipa ada. Hupangiwa mahali, na kila mahali pana kiasi chake cha watu na magari. Kurusha mchele, kutawanya maua na kupandisha maputo si ruhusa. Na ndege zisizo na rubani zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa za nchi hiyo tangu mwaka 2014. Wako wanaonung'unika kwamba masharti ni mengi kwa sherehe ya watu wawili. Twawajibu kwamba mgeni hapangi mapambo ya nyumba ya mwenziwe.

Na ardhi hiyo, ikidharauliwa, hujilipizia kisasi. Wakati wa kiangazi joto hupita digrii 38, na katikati ya hifadhi hakuna maji wala simu haishiki mahali pengi. Wenyeji hushauri kila mtu achukue maji yasiyopungua lita 4 kwa siku, na atakayetembea kwa miguu achukue mara mbili yake. Mlima Ryan, ambao wengi huutamani kwa sababu ya kile kionekanacho juu yake, ni safari ya karibu kilomita 5 kwenda na kurudi, na mpando wake ni zaidi ya mita 300. Bibi arusi aliyevaa shela na viatu vya kisigino, bwana arusi mwenye suti nyeusi, na chupa moja ya maji baina yao, si maarusi hao, ni wagonjwa wa kesho. Mwenye akili huchagua Oktoba au Novemba, ama Machi au Aprili. Hupanda na viatu vya njia, akabadilisha mbele. Hubeba taa kwa safari ya kurudi, maana jua likishazama giza la jangwani haliwangoji maarusi. Na humwachia mtu wa mjini habari ya njia atakayoipita na saa atakayorudi.

Hapa twapenda kuongeza neno juu ya gharama. Arusi ya jangwani husifiwa kwamba ni rahisi. Huenda ikawa hivyo. Lakini tayari imezuka biashara kubwa ya kuwapangia watu kutoroka huko, na mpiga picha amekuwa mwenye amri. Yeye ndiye anayesema saa ya jua kuzama, jabali la kusimama, na mara ngapi wabusiane. Basi wageni mia tatu wamefukuzwa mlango wa mbele, na mgeni mmoja mwenye amri kuliko wote ameingia kwa mlango wa nyuma. Aliyekimbia arusi ya kuonyesha watu asikubali kuifanya tena mbele ya kamera.

Mwenyewe wa tatu ni wazazi, nasi tumemweka mwisho kwa kuwa ndiye mwenye uchungu. Sheria ya California haimtaki baba wala mama. Ardhi ya jangwa haimjui shangazi. Kwa hiyo kijana aweza kutimiza kila sharti la karani na la mlinzi wa hifadhi, na bado akawa amewakosea waliomlea. Mama aliyeko Tanga au Mombasa, anayeamka asubuhi akaiona picha ya mwanawe amevaa shela juu ya jabali asilolijua, pamoja na mume asiyepata kumsikia sauti, amenyang'anywa kitu ambacho karamu ya baadaye haitakirudisha. Hakulilia pilau mama huyo. Alitaka kuulizwa.

Na kuulizwa hakuna gharama. Simu moja kabla ya siku yenyewe, posa iliyopelekwa na mjomba kwa niaba, jina la mchumba na la ukoo wake, dua ya wazee: hayo hayahitaji ukumbi wala kamati. Wazazi nao twawaambia kwamba wasiligeuze shauri likawa amri. Mwana akisema, “Nitaoa mahali pa utulivu, na wageni nitawapunguza,” asitishwe kwa laana wala kwa madeni ya mila. Mara nyingi watoto hutoroka kwa sababu mlango wa kusemea ulifungwa. Wazee wanaotaka kuombwa ruhusa hawana budi kuwa watu wanaoombeka.

Katika jangwa lile yuko nondo mmoja mdogo ambaye huchukua mbelewele za mti wa Joshua na kuzipeleka kwenye ua jingine, akataga mayai yake humo. Bila ya nondo mti hauzai mbegu. Bila ya mti watoto wa nondo hawana chakula. Kazi yote hufanyika usiku, pasipo mtazamaji, nayo imedumu kuliko sherehe zote za wanadamu. Ndoa nayo yaweza kufungwa kimya namna hiyo, tena ikawa njema sana.

Basi kwa vijana wanaopanga safari hiyo rai yetu ni hii. Nendeni jangwani mkipenda, muwe wawili mkipenda, lakini msiende kama wezi. Chukueni hati ya karani, kibali cha hifadhi, maji ya kutosha, na ridhaa ya waliowazaa. Mkirudi, pawe hapana tawi lililovunjika nyuma yenu, wala moyo wa mzazi.