Kadi ya Sauti au Spika? Somo Nimelilipia

Jamani, nimekuwa kimya kwa muda. Kuna jamaa kaniuliza kama gazeti limenihamishia mkoani. Hapana, nipo hapa hapa Dar. Nilikuwa nauguza aibu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikwenda kumhoji mhazini wa kikundi cha wafanyabiashara wa soko moja hapa jijini. Wanachama walichoka kunyeshewa, wakachangishana, wakaezeka paa jipya. Habari nzuri, ya watu wanaojitegemea, si zile zetu za semina na posho. Nikamrekodi kwa simu, nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga, nikahamishia rekodi kwenye kompyuta ya mezani, nikaanza kunakili maneno yake huku feni inazunguka na jirani anapiga singeli. Mzee alisema paa limekula shilingi milioni tisini. Mimi nikasikia sitini. Nikaandika sitini. Gazeti likachapa sitini.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Nikaamkia, "Shikamoo mzee." Hakuitikia.

"Mwanangu, umenimaliza. Watu wamejaa hapa ofisini. Wanataka kujua hizo milioni 30 nyingine nimezipeleka wapi."

Alikuwa analia. Mtu wa rika la baba yangu, analia kwenye simu, kwa sababu yangu.

Nikakimbilia kwenye kompyuta, nikasikiliza tena. Nikasikia sitini. Mara ya pili, sitini. Ningeweza kuapa mahakamani. Nimeshaanza kujisemea kwamba mzee ananigeuka, ndipo dada mmoja tunayefanya naye kazi, ambaye zamani alihariri vipindi vya redio, akaniazima hedifoni zake. "Kasikilize na hizi kabla hujagombana na mtu." Nikazichomeka kwenye kompyuta ile ile, kwenye tundu lile lile la nyuma, nikacheza rekodi ile ile.

Tisini. Safi, kama mtu amekaa kwenye kitanda changu.

Hebu tamka mwenyewe hayo maneno mawili, taratibu. Sitini. Tisini. Irabu ni zile zile tatu, mwisho ni ule ule. Tofauti yote imelala kwenye S na T zilizobadilishana viti mwanzoni. Sasa, irabu zina nguvu nyingi kwenye masafa ya chini na ya kati, na hizo hata spika ya redio ya mkulima inazitoa. Lakini S na T ni pumzi na mpasuko, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu, kuanzia hezi 3,000 hivi kwenda mbele. Spika isiyofika huko vizuri inakupa wimbo wa neno bila herufi zake. Kichwa nacho hakipendi pengo, kinajaza chenyewe. Changu kilijaza sitini.

Spika zenyewe nilizirithi hosteli, kutoka kwa jamaa aliyemaliza chuo kabla yangu. Sabufa moja na vispika viwili vya plastiki. Usiku wa disko la Jumamosi zilikuwa zinatingisha madirisha, na sisi tukidhani huo ndio ubora. Besi ilikuwa inafunika kila kitu, na vile vispika vidogo vina koni moja tu kila kimoja, havina ile spika ndogo ya trebo.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kariakoo na laki moja na nusu mfukoni, fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya viatu. Nikamweleza fundi. Akatikisa kichwa kama daktari.

"Kaka, hapo kadi ya sauti imechoka. Weka mpya, hii hapa, biti 24, kilohezi 192. Utasikia mpaka mtu anavyomeza mate."

Nikamwambia, fundi, hedifoni zilisikika vizuri kwenye tundu lile lile. Akasema hedifoni ni kitu kingine na spika ni kitu kingine. Kumbe ndiyo hoja yangu yote hiyo, kaisema yeye mwenyewe bila kujua.

Simlaumu fundi. Ushauri wake ulikuwa sahihi, ila ni wa zama zilizopita. Miaka ya 1980 kompyuta nyingi za ofisini zilikuwa na kispika cha kulia "pii" tu. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikatoa kadi ya Sound Blaster, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu aliyetaka muziki au michezo yenye sauti alinunua kadi. Usipokuwa nayo, ulikuwa bubu. Ila mwaka 1997 Intel ikatoa utaratibu wa AC'97 wa kuweka sauti kwenye ubao mkuu wenyewe, ule mafundi wanaouita mazabodi, na mwaka 2004 ikaja na ulio bora zaidi, HD Audio. Leo karibu kila kompyuta unayonunua ina chipu ya sauti tayari. Kazi ya lazima ya kadi imekwisha, lakini imani imebaki.

Tuitazame safari ya sauti. Ndani ya faili kuna namba tupu. Chipu inazigeuza kuwa umeme mdogo. Amplifaya inaukuza huo umeme. Mwishoni spika, kwa sumaku, waya uliosokotwa na koni ya karatasi au plastiki, inasukuma hewa mpaka ikufikie sikioni. Hatua za mwanzo ni umeme mtupu, na umeme tumeshajifunza kuutunza kwa bei ndogo. CD tangu mwaka 1982 inatumia biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Hiyo inatosha kubeba sauti mpaka hezi 22,050, wakati sikio zuri la kijana linakomea kwenye 20,000 hivi. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli kama 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini. Chumba kilichotulia usiku wa manane kina kelele ya desibeli 30 hivi. Changu chenye feni, bodaboda na singeli ya jirani sikisemei. Sasa kadi ya desibeli 120 itanisaidia nini, wakati feni yangu peke yake inameza tofauti yote hiyo?

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu. Hapo kuna kitu cha kushikika kinachotakiwa kwenda mbele na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde bila kuyumba, ndani ya boksi ambalo lenyewe linataka kutetemeka. Hata spika nzuri zinapotosha sauti mara nyingi zaidi ya chipu ya kawaida ya kwenye ubao. Kwa hiyo ukiwa na shilingi moja ya kutengeneza sauti ya kompyuta yako, ipeleke mwisho wa safari. Huko ndiko inakoonekana.

Tunapenda kadi kwa sababu kadi ina namba. Biti 24! Kilohezi 192! Namba inampa mtu cha kusimulia kijiweni. Spika haina namba ya kweli rahisi, na zile ilizonazo nyingine ni uongo. Umewahi kuona boksi limeandikwa "PMPO 3000W"? Ligeuze nyuma, soma kibandiko cha umeme. Ukikuta linavuta wati 40, basi hizo 3,000 ni za kwenye karatasi. Boksi haliwezi kuendelea kutoa wati nyingi kuliko linazovuta ukutani. Tafuta namba ya RMS, na hata hiyo iulize maswali.

Sisemi kadi haina kazi kabisa. Nisije nikaonekana nimenunuliwa na wauza spika. Zipo hali nne ambazo mimi mwenyewe ningeitazama kadi kwanza.

Ya kwanza, kama ukisogeza mausi unasikia vikwaruzo kwenye spika, au kuna mvumo usiokwisha. Huo ni umeme wa ndani ya kompyuta unaoingia kwenye sauti. Hata hapo huhitaji kadi ya kufungua boksi. Kidude kidogo cha USB kinachokaa nje mara nyingi kinamaliza kazi kwa bei ndogo zaidi.

Ya pili, kama unaingiza sauti, siyo kuitoa. Unarekodi kipindi kwa maikrofoni, au unataka kuokoa kaseti za marehemu babu kabla hazijaliwa na fangasi. Hapo njia ya kuingilia ndiyo inayobeba kila kitu, kwa sababu kilichoharibika wakati wa kurekodi hakuna spika ya kukirudisha.

Ya tatu, kama una hedifoni nzito za studio, zile za omu 250 au 300, ambazo tundu la kawaida linashindwa kuzisukuma.

Ya nne, kama tundu lenyewe limekufa. Hilo halihitaji mjadala.

Halafu kuna kichekesho. Kama spika zako ni za Bluetooth au zinachomekwa kwa USB, kadi ya kompyuta haihusiki hata kidogo. Namba zinatoka zikiwa namba, na spika inazigeuza yenyewe kwa ndani. Mtu wa namna hiyo akinunua kadi ya laki mbili atakuwa ameipamba tu kompyuta yake.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, fanya jaribio la yule dada. Azima hedifoni nzuri, hata kwa saa moja. Chomeka, sikiliza kitu unachokijua. Kama sauti imenyooka, chipu yako haina kesi. Kama bado ni mbaya, chukua faili hilo hilo ulisikilize kwenye simu kwa hedifoni hizo hizo. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha viwili kwa pamoja utamfunga asiye na hatia.

Na dukani usikubali wimbo wa muuzaji. Wimbo wa muuzaji umechaguliwa kwa besi, na besi ndiyo inayouza. Nenda na sauti ya mtu unayemfahamu. Mimi nilikwenda na sauti ya mama yangu, ujumbe alionitumia akinikumbusha kwenda kwenye arobaini ya shangazi. Nikaomba sauti ipunguzwe, maana kila spika inajifanya nzuri ikipigwa kwa nguvu. Nikasikiliza S zake, T zake, F zake. Jozi ya tatu ndiyo iliyokuwa mama. Vijana wa duka walinicheka, nikawaacha wacheke.

Ni spika mbili ndogo za boksi la mbao, kila moja ina koni ya inchi nne na kispika cha trebo juu yake. Hazitingishi dirisha. Nimeziinua kwa vitabu vya chuo mpaka usawa wa masikio (hatimaye vimepata kazi), nimezitoa kwenye kona maana kona inavimbisha besi, na ukutani nimetundika pazia zito kwa sababu chumba cha saruji na mabati kina mwangwi kama tangi. Pazia lile ni shilingi elfu kumi na tano, na naapa limefanya kazi kuliko kadi yoyote.

Sasa ule uvivu niliokuwa nimeuruka pale mwanzo. Mhariri wangu hakutaka kusikia habari za trebo. Aliniuliza swali moja tu: "Namba ya simu ya mzee ulikuwa nayo, kwa nini hukumpigia?" Sikuwa na jibu. Spika mpya hazimfanyi mtu kuwa mwandishi. Siku hizi nikifika kwenye namba nampigia aliyeitamka, na namwomba aivunje: tisa, sifuri. 

Masahihisho tulichapa kesho yake, mistari minne, ukurasa wa ndani kabisa. Mimi nikaona hayatoshi. Nikaenda sokoni na simu na hedifoni za dada. Mwenyekiti wa kikundi akavaa, akasikiliza, akampa mwenzake, yule naye akampa mwingine. Zikazunguka kibanda kizima. Kila aliyezivua alimtazama mzee, halafu akanitazama mimi. Mwishoni mzee naye akaomba avae. Akasikiliza sauti yake mwenyewe ikisema tisini, akatikisa kichwa, akanirudishia.

"Mimi sikukosea," akasema.

Hapana mzee, hukukosea. Ulisema vizuri, simu ikarekodi vizuri, kompyuta ikaitoa vizuri. Hatua ya mwisho ndiyo iliyokuangusha, na hatua ya mwisho ilikuwa mali yangu.

Viatu nitanunua mwezi ujao. Wewe fedha yako ungeipeleka wapi?