Bagamoyo isingoje meli

Toleo hili limezaliwa na ubishi. Tulipokubaliana kwamba safari hii tuandike juu ya Bagamoyo, chumba cha uhariri kiligawanyika papo hapo. Wako waliosema mji ule umekwisha, tuuandikie tanzia ya heshima tuendelee na mengine. Wako waliosema la hasha, ule ni utajiri uliolala: bandari ikijengwa, au UNESCO wakiukubali, mtauona. Makala za toleo hili zinaendeleza mabishano hayo na hatukujaribu kuyasuluhisha. Lakini mhariri ana haki ya kusema anasimama wapi. Mimi naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwamba zote zinaamini uhai wa Bagamoyo uko mikononi mwa mtu wa mbali.

Imani hiyo haikuanza jana. Kaole, kilomita zipatazo tano kusini mwa mji, ilikuwa na msikiti wa mawe tangu karne ya 13, na makaburi yake ya nguzo yapo mpaka leo. Matope na mikoko vilipoifunga bandari ya Kaole, watu na biashara walisogea kaskazini, wakaufanya mji mpya. Mji huo ndio uliopokea misafara ya Tabora na Ujiji, pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ikaufanya makao yake makuu, mwaka huohuo Abushiri bin Salim akaongoza vita vya watu wa Mrima, yaani wa pwani, dhidi ya Wajerumani, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 serikali ya Wajerumani ikahamia Dar es Salaam.

Sababu ya kuhama ilikuwa ya maji. Bahari ya Bagamoyo ni bahari ya majahazi. Maji yakitoka, mchanga hubaki wazi kwa mwendo mrefu, na jahazi hukaa juu yake likingoja maji yajae, wapagazi wakipakua kwa miguu. Kwa chombo cha tanga hakuna ubaya. Meli ya moshi ililazimika kutia nanga mbali na kupakuliwa kwa mashua, ilhali Dar es Salaam ilikuwa na kina na kinga ya upepo. Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam 1905, ukafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na msafara wa wapagazi ukakosa maana. Katika miaka isiyotimia 25 mji ukapoteza serikali na ukapoteza biashara.

Tangu hapo Bagamoyo imefundishwa kungoja. Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipoitembelea Tanzania, ulitiwa saini mpango wa bandari kubwa ya Mbegani, karibu na mji, mradi uliotajwa kuwa wa dola bilioni 10. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Serikali iliyofuata ikausimamisha, na mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti ya mwekezaji hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yafufuliwe. Sina ugomvi na bandari. Nchi ikiihitaji, na masharti yakiwa ya haki, ijengwe. Ninachogombana nacho ni miaka iliyopita watu wakiitazama Mbegani, huku ardhi ya kata za Zinga na Kerege ikinunuliwa na kuzungushiwa ukuta kwa kukisia bei ya kesho, na nyumba za mjini zikianguka moja moja.

Nyumba hizo ndizo zinazoniuma. Simama Mtaa wa India uutazame ukuta mmoja kwa makini. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, ukaungwa kwa chokaa na udongo, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Mwenye nyumba anaona umechakaa, anatafuta fundi, fundi anakuja na mfuko wa saruji kwa sababu ndicho kinachouzwa kila duka. Unapigwa plasta, unapendeza. Baada ya misimu kadhaa unyevu na chumvi vilivyonaswa ndani vinatafuta njia, plasta inabanduka, nayo inaondoka na uso wa jiwe. Ukuta uliosimama zaidi ya miaka mia moja unaanza kumong'onyoka kwa sababu ya ukarabati. Simlaumu mwenye nyumba, maana alifanya alichoweza. Ni nani aliyemfundisha? Nani aliyemwonyesha chokaa inapatikana wapi na fundi wake ni nani?

Mji Mkongwe wa Bagamoyo ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1983. Mwaka 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na katika orodha hiyo ya awali ndimo ilimobaki. Boma la Wajerumani la 1897, lililojengwa baada ya makao makuu kuhama, liliporomoka sehemu kufuatia mvua za El Niño za mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika miaka ya karibuni usimamizi wa vivutio vya Kaole na Mji Mkongwe umekabidhiwa Wakala wa Huduma za Misitu, na haki isemwe: kwenye vivutio vyenyewe mgeni hupokewa vizuri. Lakini mji ambamo watu wanaishi, wanazaa na kurithishana hauwezi kuendeshwa kama geti la kukatia tiketi. Unguja walilitambua hilo mapema, wakaunda mamlaka ya Mji Mkongwe mwaka 1985, miaka 15 kabla ya UNESCO kuwafikia mwaka 2000. Kazi ilitangulia, cheti kikafuata. Sisi tunasubiri cheti ndipo tuanze kazi.

Kuna pia suala la umiliki, ambalo maofisa hulikwepa kwa sababu ni zito. Sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo iliwaondoa wenye nyumba wengi wa mwambao, na wengi hawakurudi. Nyumba nyingine zimebaki na warithi waliotawanyika, mmoja Unguja, mwingine Dar es Salaam, mwingine Muscat. Hakuna anayeweza kuuza, hakuna anayetaka kukarabati peke yake, na hakuna aliye tayari kukaa na wenzake wagawane. Fedha za wafadhili zikija kesho zitakuta mlango umefungwa na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Hapo halmashauri na mahakama zina kazi isiyohitaji mwekezaji hata mmoja.

Sasa wageni. Bagamoyo iko umbali wa kilomita zipatazo 70 kutoka Dar es Salaam, na ukaribu huo ndio unaoiponza. Watu hupanda gari asubuhi, wakapita Tegeta, Bunju na Mapinga, wakapiga picha mbele ya Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, wakatembea kwenye njia ya miembe ya Misheni ya Kikatoliki, wakala samaki sokoni karibu na nyumba ya forodha ya zamani, na saa kumi jioni wanawahi foleni ya kurudi. Wanauachia mji ganda la dafu na kiingilio. Fedha za mgeni hukaa mjini anapolala: analipia chumba, anakula chakula cha jioni, asubuhi anatafuta mtu wa kumtembeza, ananunua vitumbua kwa mama wa jirani. Nikiulizwa Bagamoyo ipimwe kwa kipimo gani, nitasema ihesabiwe idadi ya waliolala, tuache kuhesabu walioingia getini.

Hapa ndipo ninapopingana na wanaosema mji hauna cha kumlaza mtu. Tumezoea kumwita mtalii yule tu aliyeshuka kwenye ndege. Lakini wapo waliokuwa wakilala Bagamoyo kabla hoteli ya kwanza ya kitalii haijajengwa, nao ni watu wa imani. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha Misheni na kijiji cha waliokombolewa utumwani, na Wakatoliki wa Tanzania bado wanapaita mlango wa imani. Mwaka 2018 walifanya pale Jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji. Upande wa pili wa mji kuna urithi wa Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa kutoka Manyema. Alisoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Kadiria ambaye maulidi yake yaliwavuta watu kutoka pande nyingi za nchi, na Waingereza walipoingia akafanywa liwali wa Bagamoyo. Alifariki 1931. Mtu aliyeingia mjini akiwa mali ya mwingine alikufa akiwa kiongozi wake.

Linganisha hilo na tunachowasimulia wageni. Mwili wa David Livingstone ulilala Bagamoyo usiku mmoja, Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka katikati ya bara. Usiku ule mmoja una mnara unaoitwa kwa jina lake. Maisha ya Sheikh Ramiya hayatajwi na nusu ya vitabu vya kuongozea watalii. Vivyo hivyo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, ambaye kitabu chake juu ya desturi za Waswahili kilitoka Ujerumani mwaka 1903, akafundisha Kiswahili Berlin na Hamburg. Tungependa kila mwanafunzi anayeletwa Bagamoyo kwa basi la shule arudi nyumbani akiyajua majina hayo mawili. Simulizi la utumwa lisimuliwe lote, pingu na minyororo vioneshwe, lakini mtoto asiondoke akidhani watumwa walipita tu pale wakielekea kufa. Wengine walibaki, wakaujenga mji, na wajukuu wao ndio wanaotuuzia samaki.

Na ngoma. Chuo cha Sanaa kilianza 1981, kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) mwaka 2007, na tamasha lake limekuwapo tangu 1982. Unguja tamasha la filamu la ZIFF lilianza 1998, na Sauti za Busara 2004. Maana yake Bagamoyo ilitangulia kwa miaka 16 na 22. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya, aliishi Bagamoyo mpaka alipofariki Desemba 2003. Pita karibu na TaSUBa mchana wa kawaida, hata usiokuwa wa tamasha, utasikia vijana wakirudia pigo moja la ngoma mara kumi, mwalimu akiwasimamisha kwa kupiga kofi, wakaanza upya. Mgeni gani hangelipa kukaa kwenye benchi jioni akalisikia zoezi hilo likiwa kamili? Jumamosi mbili kila mwezi, saa moja usiku, tarehe zijulikane mwaka mzima kabla, na nusu ya tatizo la kulala litakuwa limekwisha. Jukwaa lipo, wasanii wapo. Kinachokosekana ni ratiba ambayo mwenye nyumba ya wageni anaweza kuibandika mlangoni akijua haitabadilika.

Wanaoota hoteli kubwa ufukweni wanipe nafasi niwakumbushe Kunduchi. Katika barabara ya Bagamoyo kuna kituo cha daladala kinachoitwa Africana. Hoteli iliyokipa jina ilikuwa ufukweni, na bahari ikaula ufuko wake. Watafiti wa bahari wameeleza kwa miaka mingi kwamba uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayolisha fukwe za kaskazini mwa Dar es Salaam ni miongoni mwa sababu, pamoja na uvuvi wa baruti ulioharibu miamba inayovunja mawimbi. Mito ya Bagamoyo, Ruvu na Wami, bado ina mikoko kwenye midomo yake. Wakataji wa boriti na wachimbaji wa mchanga tayari wanaijua njia. Barabara ya lami ya kwenda Saadani, Pangani na Tanga nayo itapita Bagamoyo. Ikikuta mji hauna sababu ya kumsimamisha msafiri, mabasi yatapita bila kupunguza mwendo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ushuru unaokusanywa kwa wageni wanaolala Bagamoyo utengewe fungu la chokaa, boriti na mafunzo ya mafundi vijana, na hesabu yake ibandikwe ukutani kila mwaka. Halmashauri iandike nyumba za Mji Mkongwe moja moja na warithi wake, kabla ya kumwalika mfadhili yeyote. TaSUBa ipewe fedha za ratiba ya mwaka mzima. Hayo hayangoji mkataba wa dola bilioni 10.

Wasomaji wenye hati, barua au picha za zamani za nyumba za Bagamoyo, hasa za Mtaa wa India na pwani ya forodha, tunawaomba watuletee nakala. Vilevile wazee waliowahi kuchoma chokaa au kuifanyia kazi: tuelezeni mlivyokuwa mkifanya, hata kwa maneno machache. Ukurasa wenu umetengwa katika toleo lijalo.