Ambulensi Bila Wahudumu ni Gari Tu

Mkazi wa Kayole au Dandora akigongwa na gari usiku, mara nyingi hukimbizwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki kwa teksi, pikipiki au matatu. Wanaombeba ni wasamaria wema, lakini wengi hawajui kuzuia damu wala kushika shingo isisogee.

Wanaojua kazi hiyo wapo. Vyuo vyetu, kikiwemo KMTC, huwafunza. Lakini cheti si ajira, na mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo angali anangoja.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Katiba iyo hiyo ilizipa kaunti kazi ya ambulensi. Basi na tupige hesabu. Wiki ina saa 168, na mfanyakazi mmoja hufanya kazi yapata saa 40. Ambulensi moja yenye wahudumu wawili, usiku na mchana, yahitaji watu tisa. Hapo hatujahesabu dereva, likizo wala ugonjwa.

Jengo liliporomoka Huruma mwaka 2016. Gesi ikalipuka Embakasi mwaka 2024. Mikasa haingoji nafasi za kazi zitangazwe.

Kwa hivyo, kaunti inaponunua ambulensi, bajeti iyo hiyo itenge mishahara ya hao tisa, tena kwa ajira ya kudumu. Vyuo navyo visajili wanafunzi kulingana na nafasi hizo. Gari laweza kungoja, lakini damu inayovuja haingoji.