Usikiri Kosa Ambalo Hukulitenda



Anayefika mapema mahakamani siku ya kesi za trafiki hukuta umati umejaa uani kabla ya saa tatu. Kuna madereva wa matatu, vijana wa bodaboda, wakulima waliokuwa wakipeleka ndizi sokoni, na mara nyingine mzee wa kanisa aliyevaa koti lake la Jumapili. Majina huitwa, mashtaka husomwa kwa haraka, na jibu la karibu kila mmoja ni lile lile: "Ni kweli." Faini hutajwa, jamaa hukimbilia kulipa, na ifikapo saa sita umati umetawanyika. Katika makumi ya majibu hayo, mangapi yalikuwa kweli? Sisi ambao kazi yetu ni kusimama mbele ya mahakama tumejiuliza swali hilo kwa muda mrefu, na leo tunapenda kuliweka mbele yenu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa mahakamani kwa ajili ya kesi ya shamba, tukingoja zamu yetu. Akaitwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa kutoka upande wa Nyamira. Alishtakiwa kwa kuendesha barabarani gari lisilosajiliwa. Gari hilo lilikuwa kuukuu, lililoletwa kutoka Japani kupitia Mombasa, naye alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Alisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi alipokuwa akimpeleka mkewe hospitali mjini Kisii. Gari halikuwa na mabamba ya nambari. Alionyesha karatasi za bandarini na maombi ya usajili. Akaambiwa kwamba karatasi si nambari, na kwamba mambo yangeweza kumalizwa hapo hapo iwapo angekuwa muungwana. Mwalimu alikataa kutoa kitu kidogo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amehubiri dhidi ya jambo hilo kanisani. Akalala korokoroni.

Usiku ule wenzake wa seli walimpa ushauri ambao kila Mkenya ameusikia: kubali, lipa, nenda nyumbani, ukikana utazungushwa mwaka mzima. Kwa hiyo shtaka liliposomwa alijibu kwa Ekegusii maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Ni kweli, lakini gari limekwisha kusajiliwa, mabamba ndiyo hayajaletwa." Mkalimani alitafsiri maneno mawili ya kwanza, akanyamaza. Hapo tukainuka, tukaomba ruhusa, tukaeleza kwamba mshtakiwa hajamaliza kutafsiriwa. Hakimu, na tunampa heshima yake, aliuliza upya, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaandika kwamba mshtakiwa amekana shtaka.

Hakimu hakufanya hisani. Alitimiza sheria. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka hatua ambazo mahakama za Kenya huzifuata hadi leo. Shtaka na mambo yote yanayounda kosa lazima yaelezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri iwezekanavyo. Akikiri, kiongozi wa mashtaka asimulie yaliyotukia, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Akiyapinga, au akitamka neno linaloonyesha kwamba hakukusudia kukiri, basi iandikwe kwamba amekana. Kwa hiyo neno "lakini", linapotoka kinywani mwa mshtakiwa, lina uzito mkubwa. Karani asilimeze.

Uzito huo unatokana na yale yanayofuata. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Taratibu za Jinai kinasema kwamba aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hana rufaa, ila kuhusu uhalali au kiasi cha adhabu. Anayesema "ni kweli" ili awahi mazishi au aokoe siku ya kazi hufunga mlango kwa mkono wake. Akigundua kesho kwamba hakuwa na kosa, atakuta mlango hauna ufunguo.

Kesi ya mwalimu iliendelea. Sheria ya Trafiki, katika kifungu cha 6, inakataza gari lisilosajiliwa. Katika kifungu cha 12 inashughulikia mabamba ya nambari. Hayo ni makosa mawili tofauti. Gari laweza kuwa limeandikwa katika daftari la serikali huku mabamba yake yakichelewa. Shahidi wa polisi alipoulizwa kama alitafuta habari za gari hilo kwa msajili, alijibu kwamba hakutafuta. Aliona halina mabamba, akaamua kwamba halijasajiliwa. Sisi tulileta nakala iliyothibitishwa ya kumbukumbu za usajili. Gari lilikuwa limesajiliwa siku tisa kabla ya mwalimu kukamatwa. Aliachiliwa huru.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Lau shtaka lingekuwa la kukosa mabamba, mwalimu angekuwa na machache ya kusema, nasi tungemshauri akiri na kuomba ahurumiwe. Tena nauli yake ya safari tatu ilikaribia kiasi cha faini aliyokuwa akiikwepa. Tulipotoka nje alituuliza, bila hasira, "Wanangu, nimepata faida gani?" Jibu letu siku ile lilikuwa fupi mno. Tunajaribu kulitoa kamili hapa.

Katika nchi ya Gusii, faini ni jambo la zamani kuliko mahakama. Majeshi ya Waingereza yalipokuja mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki mtawala Northcote, yalichukua maelfu ya ng'ombe kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kuulizwa kama walikuwa na kosa. Wazee wetu walijifunza hivyo kwamba faini ni kodi anayotozwa aliyeshindwa. Huilipi kwa kuwa umekosa, waitoa ili uachwe. Fikira hiyo haijatutoka. Ndiyo inayosema nasi kizimbani tunapoambiwa, "Kubali yaishe."

Na wanaharakati wa mageuzi wanajua vyema ukiri wa uongo unaweza kufikisha taifa wapi. Katika kesi za Mwakenya, mwaka 1986 na mwaka 1987, watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, kisha wakafikishwa mahakamani, mara nyingi jioni na bila mawakili, wakakiri na kufungwa papo hapo. Serikali haikuhitaji mashahidi. Ilihitaji maneno mawili tu kutoka kwa mtu aliyechoka. Tazama sasa tofauti. George Anyona, mwana wa Kitutu katika Nyamira, alikamatwa Julai 1990 pamoja na Ngotho Kariuki, Edward Oyugi na Njeru Kathangu. Walishtakiwa kwa uchochezi, wakakana, wakapigania kila hatua ya kesi. Mwaka 1991 walihukumiwa kifungo cha miaka saba, na mwaka uliofuata walikuwa nje. Walishindwa mahakamani, ila serikali ililazimika kuleta mashahidi wake hadharani, wakahojiwa, na nchi ikasikia. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja mwaka 1982, kilifutwa Desemba 1991. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule wakati huo. Tunda la kazi ya wale waliokana tunalila sisi.

Mtu atasema kwamba kesi ya uchochezi na kesi ya gari ni mbingu na ardhi. Ni kweli kwamba aliyetozwa faini hakuteswa. Hata hivyo tabia ni ile ile: mwenye mamlaka anataka kesi iishe bila ushahidi, na raia anamsaidia. Askari ambaye hajawahi kuhojiwa kizimbani hana sababu ya kuchunguza kabla ya kukamata. Akijua kwamba tisa kati ya kumi watakiri, yeye ndiye msajili, ndiye shahidi na ndiye hakimu, palepale kando ya barabara. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wako waumini wanaotuambia kwamba Mkristo hapaswi kushindana na wenye mamlaka kwa ajili ya fedha kidogo. Tunawaomba wasome upya Matendo ya Mitume, sura ya 16. Mahakimu wa Filipi walikuwa wamempiga Paulo na Sila hadharani bila kuwahukumu, kisha asubuhi wakatuma watu wawafungulie kimya kimya. Paulo alikataa kutoka kwa siri. Aliwataka waje wenyewe wawatoe, kwa kuwa walikuwa raia wa Rumi na sheria ilikuwa imevunjwa. Angeweza kuondoka akashukuru. Alijua kwamba kanisa changa alilokuwa akiliacha katika mji ule lingebaki chini ya mahakimu wale wale. Na mwenye cheo naye asome Luka sura ya 3, ambapo Yohana anawakataza askari kunyang'anya watu na kuwasingizia, na kuwataka watosheke na mshahara wao.

Tueleweke vizuri. Sheria ya usajili ni sheria njema. Kwa nambari ya gari humpata dereva aliyegonga mtoto akakimbia. Kwa nambari gari la wizi hurudi kwa mwenyewe. Anayetumia mabamba ya bandia asije kwetu akitaka tumpe maneno ya kusema. Ila serikali nayo ina wajibu wake. Mabamba ya magari yetu hutengenezwa na wafungwa katika Gereza la Kamiti, mahali ambapo wanamageuzi wanapakumbuka kwa mengine, na mwaka 2022 yalipoadimika wanunuzi wengi wa pikipiki na magari walikaa muda mrefu wakingoja kitu walichokwisha kukilipia. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 10,000 kwa gari lisilo na mabamba. Kwa kijana wa bodaboda wa Keroka au mchuma majani ya chai wa Nyansiongo, hicho si kiasi cha kutolewa ili yaishe.

Basi tufanyeje? Kwanza, uwe na karatasi zako: risiti ya ununuzi, hati za forodha, uthibitisho wa maombi ya usajili. Sheria ya Ushahidi humtwika mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha mambo ambayo yeye hasa ndiye anayeyajua, na kinywa kitupu hakibebi mzigo huo. Pili, ilani ya polisi si hukumu. Unaweza kukubali na kulipa kwa njia rasmi, au kwenda mahakamani siku iliyotajwa. Tatu, usitoe shilingi yoyote isiyo na risiti, hata ya dhamana. Nne, ukikamatwa, kumbuka Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010: uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kazi inayofuata ikiwa mahakama zimefungwa. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Tano, kizimbani, dai haki zilizomo katika Kifungu cha 50: shtaka lenye maelezo ya kutosha, muda wa kujitayarisha, kuonyeshwa mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, na mkalimani usiyemlipa. Ukihukumiwa baada ya kukana, una siku 14 za kukata rufaa.

Kwa makanisa tuna ombi moja. Mwalimu yule alikuwa peke yake korokoroni, na waliomshauri walikuwa watu waliochoka kama yeye. Kila parokia na kila usharika, Wakatoliki, Waadventista, Walutheri na wengineo, una walimu, makarani na mawakili miongoni mwa waumini wake. Wateueni wawili watatu wajifunze mambo haya tuliyoyataja, ili mwumini anapokamatwa kuwe na mtu wa kumpigia simu, wa kuketi nyuma ya mahakama na kusikia jinsi jibu lake linavyotafsiriwa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji asubuhi moja ya mtu mmoja.

Sasa tunaweza kumjibu mwalimu. Mzee wetu, faida uliyopata ni kwamba askari yule, siku nyingine akiliona gari lisilo na mabamba, atakumbuka swali aliloulizwa na ataangalia daftari kwanza. Atakayenufaika ni mtu usiyemjua, pengine kijana wa bodaboda anayetoka Ikonge na abiria mgonjwa. Nauli ya safari zako tatu umemlipia yeye. Nasi tunaokufuata tuna deni kwako: tukikosa tukiri, na tusipokosa tukane, kwa sauti ambayo karani ataisikia hadi neno la mwisho.

Mungu ibariki Kenya.